Mama akiugua akiwa mjamzito, mtoto atakuaje? Maswali ninayoulizwa kliniki

Mimi ni muuguzi mkunga katika kliniki ya mama na mtoto, ukanda wa pwani ya Tanga. Siku ya kliniki benchi hujaa kabla sijavaa aproni. Upande huu wamekaa wajawazito na kadi zao, upande ule mama wenye watoto wakisubiri mizani. Mtoto anayelia kwenye mizani leo ndiye niliyemsikiliza mapigo tumboni mwaka jana, na mengi ninayoyaona kwenye mchoro wake wa ukuaji nilikwisha kuyaona kwenye kadi ya mama yake. Ndiyo maana maswali haya nayapenda, na ndiyo maana nimeona niyaandike. Soma lile linalokuhusu. Kama una dalili ya hatari leo hii, acha kusoma uende kituo cha afya.

Ugonjwa ni wangu mimi. Unamfikiaje mtoto aliye tumboni?

Mtoto tumboni hapumui wala hali kwa kinywa. Hewa, sukari, madini ya chuma, vyote anavipata kupitia kondo la nyuma. Kwa hiyo ugonjwa wa mama una njia zaidi ya moja. Upo unaolibana kondo, kama malaria na presha, mtoto akapata chakula kidogo kuliko anachohitaji. Upo unaovuka wenyewe na kumshambulia mtoto, kama kaswende, VVU na rubella. Upo unaomlisha kupita kiasi, nao ni kisukari. Na upo unaomnyima akiba, kama upungufu wa damu.

Kila ninapomzalisha mama, kondo naliweka kwenye trei na kulikagua. La mama mwenye afya ni zito, kama nusu kilo, lina rangi nyekundu ya kuiva na ni laini kila mahali. La mama aliyekaa na presha miezi mingi mara nyingi huwa dogo, lina mabaka meupe, na nikipitisha kidole nasikia vipande vigumu kama ini lililopikwa. Vile vipande vilikwisha kufa, na kwa majuma kadhaa mtoto alikuwa analishwa na sehemu iliyobaki. Nikishaliona kondo la namna hiyo, hata kabla ya mizani najua mtoto atakuwa mwepesi.

Niliumwa malaria mimba ikiwa na miezi miwili. Mtoto wangu atadumaa?

Malaria ikigunduliwa mapema na ukamaliza dozi, uwezekano wa mtoto kuzaliwa na uzito wake wa kawaida ni mkubwa. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali dawa mseto ya artemeta na lumefantrini, ile ALu tunayoijua, itumike hata katika miezi mitatu ya kwanza. Kwa hiyo usiogope dawa uliyopewa hospitali ukaacha ugonjwa. Kinachomdhoofisha mtoto zaidi ni malaria inayorudi mara kwa mara, na ile inayokaa kimya bila mtu kuijua.

Sikuwa na homa hata siku moja. Kwa nini nilazimishwe kumeza SP, vile vidonge vya kukinga malaria?

Swali hili nalijibu kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo tunapoteza gramu nyingi za watoto wetu.

Mtu mzima aliyekulia kwenye malaria anakuwa na kinga kiasi. Vimelea wanaweza kuwa mwilini mwake, naye anatwanga, anachota maji, haoni kitu. Lakini akipata mimba, mwilini mwake panaota kiungo kipya, kondo, na vimelea wanapata maficho ambayo hayakuwapo. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, wakifanya kazi magharibi mwa Kenya, walionyesha kwamba chembe nyekundu za damu zenye vimelea hunata kwenye kondo kwa kushika kitu kinachoitwa kondroitini salfeti A. Zikinata pale, hazizunguki tena. Unaweza kutobolewa kidole, kipimo kikasema huna malaria, kumbe kondo limejaa. Kondo likiwaka hivyo, chakula kinapita kwa shida na mtoto anazaliwa na uzito pungufu, yaani chini ya kilo 2.5, au anazaliwa njiti.

Mimba ya kwanza ndiyo inayoathirika zaidi, kwa kuwa mwili haujawahi kukutana na vimelea wa namna hiyo. Mimba zinazofuata unakuwa umejifunza kujikinga. Kwa hiyo bibi anayesema "mimi nimezaa saba bila hiyo SP yenu" huenda anasema kweli, ila mjukuu wake ndiyo kwanza ana mimba ya kwanza.

SP huanza mimba ikiingia mwezi wa nne, yaani baada ya wiki ya 13, na hurudiwa kila hudhurio, mradi umepita mwezi mmoja tangu dozi iliyopita. Lengo ni dozi tatu au zaidi. Humezwa palepale mbele ya muuguzi. Mama anayetumia Septrini kwa sababu ya VVU hapewi SP, dawa hizo mbili hazichanganywi. Na kidonge cha foliki asidi cha miligramu 5 hupunguza nguvu ya SP, ndiyo maana kliniki tunatoa kile chenye dozi ndogo ya miligramu 0.4 kilichochanganywa na madini ya chuma.

Niseme na langu. Mimba yangu ya kwanza nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Vidonge vile vitatu vilinitia kichefuchefu, nikawa navipokea, navifumba mkononi, naenda kuvitupa chooni. Chandarua nilikuwa nacho, ila joto likizidi nalala nje yake. Binti yangu alizaliwa wiki ya 38 akiwa na kilo 2.2. Siwezi kuapa kwamba ni malaria, hakuna aliyelipima lile kondo. Lakini tangu siku ile simpi mama SP bila kikombe cha maji, na nasimama pale mpaka ameze.

Damu yangu ni 9. Wanasema mtoto hujichukulia chake, mimi ndiye nitakayechoka. Ni kweli?

Ni kweli nusu. Mjamzito akiwa chini ya 11 tunasema ana upungufu wa damu, na akiwa chini ya 7 hali ni mbaya. Mtoto kweli hujitahidi kuvuta madini ya chuma hata mama akiwa na kidogo. Lakini akiba kubwa huiweka katika miezi mitatu ya mwisho, na akiba hiyo ndiyo atakayoitumia baada ya kuzaliwa mpaka afikishe miezi minne au sita, maana maziwa ya mama yana madini ya chuma machache. Mama akiwa mtupu, mtoto anazaliwa anang'aa, mnashangilia, halafu kwenye mwezi wa sita anaanza kupauka, hana hamu ya uji, anachelewa kukaa na kusimama. Watu wanasema ni meno yanaota.

Alikuja mama mmoja mimba ya nne, ametembea mwenyewe kutoka kijijini. Nikavuta kope la chini la jicho lake, jeupe kama ganda la yai. Mashine ikasoma 6.2. "Dada, mbona nafua nguo kama kawaida?" aliniuliza. Mwili unajizoesha taratibu, mtu anadhani uchovu ndiyo maisha yenyewe. Tulimpeleka hospitali siku ileile akaongezewa damu.

Vidonge vya kuongeza damu umeze kila siku. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Kama vinakutibua, meza usiku kabla ya kulala. Chai ya rangi na kahawa huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, kwa hiyo kunywa chai saa moja au mbili mbali na kidonge na mbali na mlo wa maharage au dagaa, na weka ndimu au chungwa karibu na mlo huo. Dawa ya minyoo tunakupa baada ya miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu safura inanyonya damu, hasa kwa wanaolima pekupeku. Wenye selimundu wana mpango wao wa dawa na ni lazima wafuatiliwe hospitali.

Jambo moja zaidi, nalo halina gharama. Mtoto akizaliwa na analia vizuri, kitovu kisikatwe papo hapo. Kusubiri dakika moja hadi tatu kunamwingizia damu iliyobaki kwenye kondo, na damu hiyo ndiyo chuma chake cha miezi ijayo. Mwambie mkunga wako mapema kwamba unalitaka hilo. Hakuna mkunga anayejua kazi yake atakayekasirika.

Nina hamu ya udongo. Una madhara?

Udongo wa kula, vile vijiti vinavyouzwa sokoni, mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua, na wenyewe unazidi kuzuia madini ya chuma. Unaweza pia kuwa na mayai ya minyoo au madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Sikugombezi. Njoo upime damu. Wengi hamu huwaishia wakishatibiwa.

Presha ilipanda nikazalishwa mapema. Mtoto atakuwa na matatizo gani mwilini?

Presha ikifika 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, hasa kukiwa na protini kwenye mkojo, tunaogopa kifafa cha mimba. Chanzo kipo kwenye kondo: mishipa inayolilisha haikupanuka inavyotakiwa mimba ilipokuwa changa. Kwa hiyo mtoto anapata shida mara mbili, analishwa kidogo tumboni, na mara nyingi inatulazimu kumtoa kabla ya wakati ili kuokoa maisha ya mama. Watoto hawa wengi hukua vizuri wakipita wiki za mwanzo. Wakiwa wakubwa presha yao huwa juu kidogo kuliko ya wenzao, kwa wastani, kwa hiyo wapimwe wakiwa shuleni na wasizoeshwe chumvi nyingi.

Wewe mwenyewe, mimba ijayo, wahi kliniki kabla ya miezi mitatu kwisha ueleze yaliyokupata. Ipo aspirini ya dozi ndogo ambayo daktari anaweza kukuanzishia kabla ya wiki ya 20, na inapunguza uwezekano wa hali hiyo kurudi. Kichwa kuuma sana, macho kuona nyota au ukungu, uso kuvimba, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia: hayo hayasubiri asubuhi.

Mtoto wangu alizaliwa na kilo 4.6, kila mtu anampongeza baba yake. Kuna ubaya?

Mpongezeni, lakini mama apimwe sukari. Kisukari cha mimba hakina makelele. Sukari inavuka kondo, mtoto anatengeneza insulini nyingi, na insulini kwake ni kama mbolea, ananenepa mabega na tumbo. Kuna hatari bega kukwama wakati wa kujifungua, na neva za mkono zikivutwa mkono unalegea. Wengi hupona kwa mazoezi yanayoanza mapema, kwa hiyo mkono uliolegea upelekwe kwa mtaalamu wa viungo katika wiki za mwanzo, usisubiri "utapona wenyewe". Saa chache baada ya kuzaliwa sukari ya mtoto inaweza kushuka ghafla, ndiyo maana tunahimiza anyonye ndani ya saa ya kwanza. Baadaye watoto hawa huelekea kunenepa na kupata kisukari kirahisi kuliko wengine. Kipimo cha kunywa sukari hufanywa kati ya wiki ya 24 na 28. Kama ndugu zako wana kisukari, au ulishazaa mtoto mkubwa hivyo, kidai.

Wameniambia nina kaswende. Sina kidonda, na mume wangu hataki kuja.

Pole, mama. Naomba usiondoke bila sindano.

Mwanza palifanyika utafiti, matokeo yakatolewa 2002, wa wajawazito wenye kaswende. Kwa wale waliokuwa na kaswende kali bila kutibiwa, asilimia 25 walizaa mtoto mfu. Kwa wasio na kaswende ilikuwa asilimia 1. Waliochomwa sindano moja ya penisilini wakati wa ujauzito, hatari yao ilishuka ikawa kama ya wanawake wasio na ugonjwa. Sijui dawa nyingine kliniki yenye faida kubwa hivyo kwa bei ndogo hivyo.

Mtoto anayezaliwa hai na kaswende anaweza kuonekana mzima. Baada ya wiki kadhaa pua inatiririka makamasi yenye damu, au anaacha kuchezesha mkono kwa sababu mifupa inauma. Asipotibiwa, miaka inayofuata pua inabonyea, mfupa wa muundi unapinda kwa mbele, meno ya mbele yanaota na pengo kama msumeno, na wengine wanakuwa viziwi. Yote hayo yanazuilika kama sindano imechomwa angalau mwezi mmoja kabla ya kujifungua.

Mume lazima naye atibiwe, la sivyo atakurudishia. Kliniki tunaandika barua ya kumwita. Kama unahofia ugomvi nyumbani, niambie tukiwa wawili, tutatafuta namna ya kumfikishia.

Nina VVU. Mtoto akizaliwa bila virusi, atakua kama wenzake?

Bila dawa, watoto 15 hadi 45 katika kila 100 huambukizwa. Ukimeza dawa vizuri, ni chini ya 5. Mtoto hupewa dawa ya kinga na kupimwa damu ya kisigino akiwa na wiki nne hadi sita. Watoto waliozaliwa bila virusi na mama mwenye VVU kwa wastani huwa wadogo kidogo na huugua zaidi kidogo mwaka wa kwanza, ila tofauti hiyo hupungua sana mama akiwa ameanza dawa mapema na akinyonyesha. Usikose mizani kila mwezi, basi.

Rubella ni nini, na mbona hamnichanji nikiwa na mimba?

Ni homa ya vipele ambayo kwa mtu mzima huisha kwa siku chache. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aliona watoto wachanga wengi wenye mtoto wa jicho, akagundua mama zao waliugua rubella mwanzoni mwa mimba. Inaleta pia uziwi na kasoro za moyo. Chanjo yake ina virusi hai waliodhoofishwa, kwa hiyo haitolewi kwa mjamzito. Tanzania inawachanja watoto surua na rubella tangu 2014, na anayemchanja binti yake leo anamkinga mjukuu.

Mtoto amezaliwa na mgongo wazi. Nimesikia maneno mengi mtaani.

Maneno hayo yaache. Mfereji wa uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambao wengi hata hawajajua kwamba ni wajawazito. Upungufu wa foliki asidi ni sababu kubwa inayojulikana, kisukari kisichodhibitiwa ni nyingine, na dawa ya kifafa iitwayo valproeti ni nyingine. Kwa sababu hiyo foliki asidi inatakiwa ianze kabla ya mimba. Ukija kliniki mwezi wa tano, tunakupa kwa ajili ya damu yako, lakini mgongo ulishajifunga au ulishakosa kujifunga.

Mtoto huyo apelekwe hospitali kubwa mapema, kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi chenye unyevu wa maji ya chumvi ya hospitali, kisipakwe chochote. Kwa Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inafanya upasuaji wa mgongo wazi na kichwa kikubwa.

Nyayo zilizopinda ni habari nyingine. Mara nyingi hakuna ugonjwa wa mama unaohusika, na zinanyooshwa kwa plasta za kila wiki zikianza mapema. Nimewaona wakicheza mpira.

Nina kifafa. Niache dawa ili kumlinda mtoto?

Usiache mwenyewe. Degedege za mfululizo zinamkosesha mtoto hewa. Mwone daktari kabla ya kushika mimba, kama unatumia valproeti anaweza kukubadilishia. Hivyohivyo usijinunulie dawa za duka: tetrasaiklini na doksisaiklini huharibu rangi ya meno ya mtoto na kugusa mifupa yake.

Nina UTI isiyoisha. Inamhusu mtoto?

Inamhusu, kwa sababu inaweza kupanda kwenye figo na kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Peleka mkojo maabara, umalize dozi, urudi upimwe tena.

Nilitapika miezi mitatu nikala kama ndege. Nimemwibia mtoto chakula?

Mwanzoni mtoto ni mdogo mno, hahitaji chakula kingi, na wengi waliotapika huzaa watoto wa uzito mzuri. Ila ukitapika hata maji, mkojo ukawa wa njano iliyokolea na kilo zinashuka, hiyo inatibiwa hospitali kwa dripu na dawa.

Tunajua jambo hili kutokana na msiba wa watu wengine. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, jeshi la Ujerumani lilizuia chakula magharibi mwa Uholanzi, na wajawazito wakala njaa pamoja na wengine wote. Kwa kuwa njaa ile ilikuwa na mwanzo na mwisho unaojulikana, wataalamu waliweza kuwafuatilia watoto wao miaka mingi. Waliokuwa tumboni miezi ya mwisho walizaliwa wepesi. Waliopata njaa mwanzoni mwa mimba walizaliwa na uzito wa kawaida, lakini ukubwani walikuwa na ugonjwa wa moyo na unene zaidi kuliko wale ambao hawakupata njaa ile tumboni. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie "kilo tatu, basi hakuna shida" bila kuuliza mimba ilikwendaje.

Mtoto wangu alizaliwa kilo 1.9. Atawafikia wenzake?

Wengi hufika, hasa waliozaliwa njiti ambao tumboni walikuwa wakikua vizuri. Aliyekaa tumboni miezi tisa na bado akatoka mwepesi anahitaji uangalizi zaidi, kwa sababu alikuwa akinyimwa kwa muda mrefu.

Wiki za mwanzo mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, njia ya kangaruu, usiku na mchana, na baba ashike zamu. Utafiti uliotolewa 2021, ambao Tanzania ilishiriki pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria, ulionyesha kwamba kuanza mara tu baada ya kuzaliwa kunapunguza vifo vya wachanga wadogo kwa robo. Maziwa ya mama pekee miezi sita. Njiti mhesabie umri wake kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa: aliyewahi miezi miwili, akifikisha miezi minane mpime kwa mambo ya mtoto wa miezi sita.

Kipindi cha kukimbiza urefu ni miaka miwili ya kwanza. Usimshindilie uji mtupu wa sukari ili aonekane kibonge; mwongezee yai, dagaa waliosagwa, karanga, maharage, mboga. Unene wa haraka juu ya mwili uliozaliwa mwembamba unamwandalia presha na kisukari.

Mama mkwe anasema ni mfupi kwa sababu ya ukoo.

Shikamoo yake pokea, na hoja yake iheshimu, ukoo una nafasi. Lakini watoto chini ya miaka mitano waliodumaa Tanzania walikuwa asilimia 34 katika takwimu za 2015 na 2016, na asilimia 30 mwaka 2022. Ukoo haubadiliki ndani ya miaka saba. Na Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha nchi, ndiyo yenye udumavu mkubwa kuliko yote, kwa hiyo ghala kujaa mahindi peke yake hakutoshi. Muulize mama mkwe kwa upole kama anakumbuka alipomzaa mumeo alikuwa na hali gani. Nimepata historia nyingi za kitabibu kwa swali hilo.

Ni kosa langu?

Hapana. Hukuchagua mbu wala presha. Umbali wa kituo, nauli, siku dawa zilipoisha stoo, mume aliyekataa kupima: hayo yote yako nje ya mikono yako. Mimi nilitupa vidonge nikiwa nimesomea, na bado nimejisamehe. Mlete mtoto tumpime.

Kadi ya ujauzito niitunze ya nini, nimeshajifungua?

Uingereza, wilaya za Hertfordshire, wakunga na wauguzi tangu 1911 waliwapima watoto na kuandika uzito kwenye madaftari, walipozaliwa na walipofikisha mwaka. Madaftari yakakaa. Miongo baadaye David Barker na wenzake wakayafungua, wakawatafuta wanaume 5,654 waliozaliwa kati ya 1911 na 1930, na mwaka 1989 wakatoa matokeo: waliokuwa wepesi zaidi ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Wakunga wale hawakuwa na habari ya utafiti wowote. Waliandika tu vizuri.

Kwa hiyo kadi yako ya RCH 4 na ile ya mtoto ya RCH 1 zitie kwenye mfuko mmoja wa nailoni, mbali na mvua na panya. Hakikisha zimeandikwa uzito wa kuzaliwa, mimba ilikuwa na wiki ngapi, SP ulimeza mara ngapi, damu ilikuwa ngapi, presha na vipimo vyote. Kama muuguzi ameacha nafasi wazi, mrudishie aijaze kabla hujaondoka wodini. Ya binti yangu ipo kwenye bati la biskuti kabatini, kilo 2.2 imeandikwa kwa wino wa bluu. Sasa ananipita kimo, na mwaka huu alipokwenda kupimwa afya ya shule nilimpa akaibeba.